Maswali ya Wasomaji: Kumwagilia Nyanya Wakati wa Jua Kali Katika Udongo wa Mfinyanzi

Tangu jua lianze kuwa kali, barua nyingi zinazofika katika safu hii zinahusu nyanya, na zile zinazotoka kwa wakulima wenye udongo mzito wa mfinyanzi zina malalamiko yanayofanana kiasi kwamba tumeona tuzijibu pamoja. Majina ya walioandika tumeyaacha, tukabakiza mahali wanapolima, kwa sababu mahali ndipo panapobadili jibu.

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimepanda nyanya aina ya Tanya, miche ipatayo 200, katika udongo mweusi wa mbuga karibu na kisima changu. Kila siku jioni namwagilia kwa keni, kidogo kidogo, mche kwa mche, bila kuruka hata siku moja. Pamoja na juhudi hiyo, ikifika saa saba mchana majani yananyong'onyea, ardhi imepasuka mpaka kidole kinaingia kwenye ufa, na majani ya chini yameanza kuwa ya njano. Jirani yangu anasema niongeze maji, na mke wangu anasema maji nimezidisha. Nimfuate nani? (Msomaji, Kishapu, Shinyanga)

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Jirani yako na mke wako wote wameona kweli, ila kila mmoja ametazama tabaka lake. Sentimita chache za juu za shamba lako zinalowa kupita kiasi kila jioni, wakati sehemu ya chini, ambako mizizi ilipaswa kuwa imekwisha kufika, pengine haijapata maji ya maana tangu siku ulipopandikiza miche.

Ninyi wa Usukumani mnautambua udongo kwa majina yake. Luseni, ule wa kichanga wa kwenye miinuko, huyanywa maji papo hapo yanapomwagwa, na baada ya siku mbili huwa umekauka. Mbuga ya bondeni ina tabia iliyo kinyume: inahifadhi maji mengi, lakini inayapokea kwa shida sana. Kwa vipimo vinavyotumiwa na wataalamu wa umwagiliaji, udongo wa mfinyanzi wenye kina cha mita moja unaweza kuutunzia mmea milimita 175 hadi 250 za maji, ilhali kichanga hutunza kati ya 25 na 100. Kwa upande wa kupokea, kichanga humeza zaidi ya milimita 30 kwa saa, na mfinyanzi humeza milimita moja hadi tano tu. Milimita moja ni sawa na lita moja kwa kila mita ya mraba, hivyo ukimwaga lita mbili kwa mkupuo mmoja kwenye shina, sehemu kubwa ya maji hayo hutambaa juu ya ardhi na kukaa kwenye ngozi ya udongo, na kesho yake kabla ya adhuhuri jua limekwisha kuyachukua.

Mizizi nayo hufuata maji yalipo. Kwa kuwa kila jioni unayaweka juu, mizizi imejenga makazi juu, katika tabaka linalopata joto kuliko yote na ambalo ndilo linalopasuka. Udongo wa mbuga hujaa unapolowa na kusinyaa unapokauka, na nyufa unazoziona hukata mizizi midogo inayonyonya. Mmea uliokatwa mizizi namna hiyo hunyong'onyea hata kama chini yake kuna unyevu.

Majani ya njano yana maelezo mengine. Mizizi ya nyanya inahitaji hewa, na vinyweleo vya udongo wa mfinyanzi ni vidogo mno. Vikijazwa maji kila siku, hewa hukosa njia. Mzizi uliokosa oksijeni hushindwa kunyonya maji na virutubisho vilivyouzunguka, na katika nyanya dalili mojawapo ya hali hiyo ni vikonyo vya majani kupinda kuelekea chini, huku majani ya chini yakigeuka njano. Mkulima akitazama kwa mbali hudhani ni kiu, akaongeza maji, na hapo hali huzidi kuharibika.

Kwa sababu hiyo nakuomba uache kuliuliza jani na uanze kuuuliza udongo. Majani ya nyanya kulegea saa saba au saa nane mchana, siku ya jua kali, ni jambo la kawaida, kwa kuwa mmea unapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha. Yakinyooka tena jua linapopungua nguvu, mmea haujambo. Yakiwa bado yamelegea alfajiri, hapo kuna tatizo. Ili kujua la kufanya, chimba kwa jembe dogo au panga kando ya mche, kiasi cha shubiri moja kutoka shinani, ufike kina cha sentimita 15 hivi, kisha chukua udongo wa pale chini uuminye kiganjani. Ukifanya tonge, na ukilisukuma tonge hilo kati ya kidole gumba na cha shahada likatoka utepe laini, maji yapo na usimwagilie. Tonge likifanyika kwa shida, na utepe ukakatika mara unapoanza kutoka, umefika wakati. Udongo ukiwa mabonge magumu yasiyominyika, umechelewa.

Sasa kiasi. Nyanya iliyokwisha kutoa maua na kubeba matunda, katika jua la Shinyanga la mwezi wa tisa na wa kumi, inaweza kutumia karibu milimita saba za maji kwa siku. Nichukulie kwamba umeipanda kwa nafasi ya sentimita 60 kutoka mche hadi mche na 75 kutoka mstari hadi mstari. Eneo la kila mche ni chini kidogo ya nusu mita ya mraba, na hivyo mahitaji yake ni lita tatu hivi kwa siku. Miche 200 inadai lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20, kila siku ya Mungu. Nayataja mahesabu haya waziwazi kwa sababu nimeona watu wengi wakipanda miche ambayo kisima chao, au mgongo wao, hauwezi kuinywesha. Ni afadhali miche 100 iliyoshiba kuliko 200 inayolambishwa.

Hata hivyo lita hizo tatu usizitoe kila siku. Udongo wako una ghala kubwa, na mmea wenye mizizi iliyofika nusu mita unaweza kukaa siku nne, hata tano, bila kuteseka. Ligawe shamba lako mafungu manne ya miche 50, kila siku umwagilie fungu moja tu, na kila mche uupe lita 12 kwa pamoja. Kazi ya kuchota haiongezeki, kwa kuwa ndoo zinabaki zile zile 30, lakini maji yanashuka chini badala ya kuishia juu. Miche iliyopandikizwa karibuni haimo katika mpango huu: wiki ya kwanza mizizi yake bado iko katika sentimita chache za juu, na inahitaji lita moja hivi kila siku moja au mbili mpaka ishike.

Namna ya kumwaga ina uzito sawa na kiasi. Zungushia kila mche kingo za udongo upate kijaruba kipana, na karibu na shina pawe pameinuka kidogo ili maji yasituame kwenye shingo la mche. Mimina lita sita, endelea na miche mingine, kisha urudi baada ya nusu saa au zaidi umalizie sita zilizobaki. Mzunguko wa kwanza unafanya kazi ambayo wengi hawaijui: unaulowesha udongo, unavimba, na nyufa ndogo zinajifunga. Ukiyamwaga yote kwa mara moja juu ya ardhi iliyopasuka, maji hutumbukia ndani ya nyufa na kupita yakielekea chini kusikofikiwa na mizizi, huku mabonge yaliyo kati ya ufa na ufa yakibaki makavu ndani. Ndiyo maana, kwa hali yako ya sasa, kabla ya chochote pitisha palizi jepesi la sentimita tatu hadi tano, uvunje ngozi ya juu na kuijaza kwenye nyufa.

Angalizo moja: usihame ghafla kutoka kumwagilia kila siku hadi kila baada ya siku nne, maana mizizi yako ya sasa iko juu na itaungua. Anza kwa siku mbili, na baada ya wiki moja nenda siku tatu, huku ukichimba na kuminya udongo kama nilivyoeleza.

Baada ya mzunguko wa kwanza wa maji mengi, tandaza. Kwa shamba la mfinyanzi lililo juani siujui msaada mwingine wa bei nafuu unaolingana na matandazo, kwa sababu hupunguza maji yanayopotea juu ya ardhi, huzuia udongo usipasuke, na huuzuia usirukie majani ya chini pamoja na vimelea vya magonjwa. Kwenu mashamba ya mpunga hayako mbali, na majani makavu ya mpunga yanafaa sana. Weka unene wa sentimita tano hadi nane, na uache nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina. Mchwa wakivamia matandazo, kama wafanyavyo katika maeneo makavu, yapindue mara kwa mara na uyaongeze yanapopungua.

Mwisho, usikanyage kati ya mistari siku ile uliyomwagilia. Udongo wa mfinyanzi uliolowa ukikanyagwa hushikamana, na kwa mguu mmoja unaharibu vinyweleo ambavyo samadi ilichukua msimu mzima kuvitengeneza. Samadi yenyewe iongeze kwa wingi kabla ya msimu ujao, iwe imeoza vizuri. Mchanga usihangaike nao; ili ubadilishe tabia ya shamba la mfinyanzi utahitaji malori ya mchanga, na ukiweka kidogo utajikuta umetengeneza kitu kinachokaribia tofali.

Swali: Nimeambiwa kwamba ukimwagilia nyanya mchana, matone ya maji huchoma majani kwa jua, na ukimwagilia usiku unaleta ukungu. Mimi ni mtumishi, nyumbani natoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Pia maji yangu ya kisima kirefu yana chumvichumvi, na juu ya tuta naona utando mweupe. Nifanyeje? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Hofu ya matone yasikuondolee usingizi. Sababu kubwa ya kutomwagilia mchana ni kwamba sehemu ya maji hupotea hewani kabla ya kuingia ardhini, na katika mfinyanzi, ambao unayapokea polepole, upotevu huo ni mkubwa zaidi. Mche ulioelekea kufa kwa kiu saa sita mchana upewe maji saa hiyo hiyo, yamiminwe ardhini. Tahadhari ni kuhusu mpira wa maji uliolala juani: maji yaliyomo ndani yake huwa ya moto, hivyo yaache yatoke kwanza pembeni mpaka yapoe.

Kwa ratiba yako, alfajiri ndiyo saa bora, kwa kuwa ardhi imepoa, upepo umetulia, na majani yakilowa kwa bahati mbaya yatakauka jua likipanda. Kwa kuwa humwagilii kila siku, nusu saa ya kabla ya kazi inaweza kutosha fungu moja la tuta. Jioni pia inakubalika, kwa sharti kwamba maji yaende kwenye udongo tu, kwa sababu majani yanayolala na unyevu usiku kucha ndiyo yanayokaribisha bakajani na madoa mengine ya ukungu.

Utando mweupe unanihangaisha kuliko yote uliyoandika. Maji yenye chumvi yakitolewa kidogo kidogo kila siku hupanda tena juu kwa joto, yanakuwa mvuke, na chumvi inabaki pale pale ilipo mizizi michanga. Nyanya huvumilia chumvi kwa kiasi tu. Chumvi ikizidi katika udongo, mmea hudumaa na kuonekana una kiu katikati ya maji. Mwagilia kwa nadra na kwa kina ili chumvi isukumwe chini, inua tuta lako sentimita 20 hadi 30 ili yale yaliyosukumwa yapate pa kwenda, na tandaza ili kupunguza mvuke. Kama una paa la bati, maji ya mvua uliyoyavuna yatunze kwa ajili ya miche michanga. Ni vyema pia upeleke chupa ya maji hayo pamoja na udongo kupimwa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Mlingano, Tanga, vina maabara za udongo.

Swali: Hujambo mhariri. Ninalima nyanya Mwea, kwenye udongo mweusi, na maji yanatufikia kwa zamu kupitia mfereji. Wakati mwingine zamu yangu inachukua siku kumi kurudi. Zamu ikifika najaza mitaro yote mpaka maji yasimame. Shida yangu ni kuwa matunda ya kwanza yanaoza chini, kitako kinakuwa cheusi na kigumu kama ngozi, ilhali sehemu ya juu ni nzima. Aliyeniuzia dawa alinipa ya kupulizia yenye kalsiamu, nimepuliza mara kadhaa na bado. Je, ni ugonjwa gani? (Msomaji, Kirinyaga)

Jibu: Hatujambo, mama. Unachokieleza ni kuoza kitako, na hakisababishwi na ukungu wala bakteria, hivyo hakiambukizi kutoka tunda moja hadi jingine. Chanzo chake ni kalsiamu kutolifikia tunda wakati linapojijenga.

Hapo ndipo wauza dawa wanapopata soko, kwa sababu mkulima akisikia kalsiamu imekosekana anaona dawa ni kuinunua. Lakini udongo mweusi kama wenu kwa kawaida hauna upungufu wa kalsiamu. Kinachokosekana ni usafiri. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea pamoja na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hayo huvutwa zaidi na majani, ambayo yanapumua mvuke kwa wingi, kuliko tunda, ambalo ngozi yake haipitishi mvuke mwingi. Maji yakiwa haba, majani huchukua karibu yote, na kitako cha tunda, ambacho ndicho kilicho mbali zaidi na kikonyo, hubaki bila. Kalsiamu unayoipulizia kwenye majani haitoki humo kwenda kwenye tunda, na ndiyo sababu fedha yako imepotea.

Ratiba yako inauumiza mmea mara mbili. Katika siku za mwisho kabla ya zamu udongo umekauka na mizizi haina cha kupandisha. Zamu ikifika unaijaza mitaro mpaka maji yasimame, udongo unafunga hewa, na kwa siku moja au mbili mizizi haifanyi kazi ingawa imezama majini. Tunda lililokuwa katika ukubwa wa gololi siku hizo ndilo utakaloliona limeoza wiki mbili baadaye. Mabadiliko hayo hayo ya ghafla, kutoka ukavu hadi mafuriko, ndiyo yanayopasua matunda yaliyokaribia kuiva.

Zamu ya maji hukuipanga wewe, na maji ya mito ya Thiba na Nyamindi yana wenyewe wengi, kwa hiyo tuangalie unachoweza kukibadili shambani kwako. Siku ya zamu usifungulie mkondo mkubwa. Ruhusu mkondo mdogo upite mtaroni kwa saa nyingi zaidi, kwa kuwa katika mfinyanzi maji hupenya vizuri kuelekea pembeni. Chimbua katikati ya tuta, na ukiona unyevu umekutana kutoka mitaro ya pande zote mbili, funga. Maji yaliyobaki katika zamu yako yapeleke kwenye bwawa dogo lililotandikwa karatasi ya nailoni au kwenye tangi, halafu siku ya tano uipe kila mche lita tano au sita. Maji hayo ya katikati ya zamu mbili ndiyo yatakayookoa matunda. Juu ya tuta weka matandazo, tena kabla maua hayajafungua.

Ukipata uwezo wa kufunga mipira ya matone kutoka kwenye tangi hilo, chagua yenye kutoa maji taratibu, lita moja hadi mbili kwa saa kwa kila tundu, na uiendeshe kwa vipindi: saa moja ifungue, ipumzishe, kisha saa moja tena. Katika udongo wenu tone hutanuka kwa upana kabla ya kushuka, kwa hiyo matundu hayana haja ya kubanana. Usisahau chujio, kwani maji ya mfereji yana tope na matundu ni membamba.

Jambo la mwisho ni mbolea. Wengi huona tunda limeharibika wakaongeza naitrojeni ili mmea upate nguvu. Majani yanaongezeka, na majani hayo mapya yanakuwa washindani wapya wa maji yale yale. Punguza mbolea hiyo mpaka maji yatengemae, chuma matunda yaliyooza uyatupe ili yasiendelee kula chakula cha mmea, na vichana vitakavyofuata vitakuwa na nafuu.

Swali: Nyanya zangu zina afya, udongo ni mzito lakini hautuamishi maji, ila maua yanadondoka yote. Nimeongeza maji, yanazidi kudondoka. Ilikuwa mwezi wa pili. (Msomaji, Tanga)

Jibu: Kwa kosa hili maji hayahusiki sana. Nyanya hufunga matunda vizuri usiku ukiwa na nyuzi joto 15 hadi 20, na mchana usiozidi sana nyuzi 30. Pwani, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa tatu, usiku wenyewe mara nyingi hukaribia nyuzi 24 au kuzidi, chavua hudhoofika, na ua lisilochavushwa hudondoka hata mmea ukiwa umeshiba. Kuongeza maji juu ya udongo mzito kunaleta tatizo la pili bila kuondoa la kwanza. Endelea kumwagilia kwa kipimo kile kile, usipunguze majani kwa kupogoa sana kwa kuwa ndiyo kivuli cha matunda, na msimu ujao panga kusia mbegu mwezi wa nne, ili maua yaangukie Juni na Julai, pwani inapopoa.

Swali: Mche mmoja ulilegea ghafla ukiwa bado wa kijani kibichi, nikaumwagilia, haukuamka. Siku tatu baadaye miwili iliyo chini yake kwenye mfereji ule ule ikalegea pia. Je, niongeze maji? (Msomaji, Mvomero, Morogoro)

Jibu: Usiongeze, na fungulio la mfereji huo lifunge leo. Mche unaolegea ukiwa wa kijani, usioinuka jioni wala asubuhi, na ugonjwa wake ukafuata njia ya maji, unashukiwa kuwa na mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize katika glasi ya maji safi bila kukitikisa, na usubiri dakika chache. Ukiona nyuzi za rangi ya maziwa zikiteremka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa, huo ndio.

Dawa ya kuutibu mche ulioambukizwa haipo. Ng'oa pamoja na mizizi na udongo wake, uchome moto nje ya shamba, na mfereji uelekeze maji kwingine ili yasipite penye ugonjwa na kwenda penye uzima. Kwa miche iliyobaki, tumia keni. Vimelea hivi vinapenda joto na udongo uliojaa maji, kwa hiyo tuta lililoinuliwa na umwagiliaji wa nadra ni kinga pia. Mahali hapo usirudishe nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa, panda mahindi.

Swali: Nimepanda nyanya kwenye ndoo za lita 20 uani, kwa udongo mzito niliochota bondeni. Kila nikimwagilia, maji yanatokea chini mara moja, kwa hiyo naamini yameshiba, lakini miche inakauka. (Msomaji, Temeke, Dar es Salaam)

Jibu: Dada yangu, maji hayo hayajapita ndani ya udongo. Mfinyanzi ukikauka ndani ya ndoo husinyaa, ukaachana na ukuta wa ndoo, na maji unayomimina hupita katika upenyo huo na kutokea matunduni huku moyo wa udongo ukiwa mkavu kabisa. Ingiza kijiti katikati utaona.

Kwa leo, weka kila ndoo ndani ya beseni lenye maji yanayofika nusu ya kimo chake, uiache mpaka udongo wa juu uonyeshe unyevu, kisha uitoe ichuruzike vizuri. Baada ya hapo bana udongo wa pembeni kwa vidole ili upenyo ujifunge, na tandaza juu. Kwa muda mrefu, udongo huo mtupu haufai katika ndoo. Uchanganye sehemu moja kwa sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza na sehemu moja ya maganda ya mpunga. Katika ndoo, tofauti na shambani, hata mchanga unaruhusiwa, kwa sababu kiasi cha udongo ni kidogo na unaweza kuweka wa kutosha.

Kanuni ya siku nne niliyompa ndugu wa Kishapu wewe usiifuate. Ghala lako ni la lita 20 tu, na mche mkubwa katika joto la Dar es Salaam unaweza kulimaliza kwa siku moja au mbili, kwa hiyo pima kwa kidole kila asubuhi na umwagilie taratibu kwa mizunguko miwili. Ndoo zenye rangi nyeusi zizibe kwa gunia jeupe upande unaopigwa na jua la alasiri, maana ukuta wa ndoo hupika mizizi iliyougusa. Na kama chini ya ndoo umeweka sahani, ikague baada ya kila kumwagilia na kumwaga maji yaliyotuama, la sivyo mizizi ya chini itakosa hewa.